Mstari wa Tatu wa Gaspard

Libérat Bigirimana, jirani wa marehemu, alieleza hivi, na kila aliyemuuliza alimweleza vile vile. Jumatano, jua likikaribia milima, alikuwa kwenye shamba lake la mihogo kando ya ziwa, upande wa kusini. Akasikia mtumbwi wa Gaspard unapita nyuma ya matete. Hakumwona, ila sauti ya Gaspard nani haijui? Alikuwa peke yake, anaimba. Akaendelea kaskazini, upande wa Kavimvira, kule anakokaa Ndikumana. Na Ndikumana aliapa mbele ya watu kwamba atampasua Gaspard kichwa.

"Ni hayo tu," Libérat alimaliza. "Lingine sina."

Alhamisi asubuhi wanawake waliokwenda kufua chini ya mtaa wa Rugenge walimkuta Gaspard ndani ya matete. Alilala kifudifudi, maji yakimsukuma pwani na kumvuta tena. Kisogo chake kilikuwa kimepasuka.

Kesi alipewa Onesphore Niyonsaba. Karatasi za serikali zilimwita msaidizi wa polisi, kwa maana mwaka ule wa 1957 cheo chenyewe kilikuwa cha Wazungu. Watu wa Uvira walimwita Inspekta. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, mtoto wa wakulima, aliyesoma miaka michache kwa mapadri akafukuzwa kwa sababu ya kuuliza maswali.

Daktari wa serikali alimaliza uchunguzi wa maiti kabla ya saa sita.

"Pigo moja," alisema. "Kutoka nyuma. Kitu cha mbao, kipana, chenye ukingo."

"Kasia?"

"Inawezekana. Alikuwa ameketi, pigo likashuka kutoka juu. Maji mapafuni ni kidogo. Alipoanguka majini alikuwa karibu amekwisha."

Mtumbwi nao ulipatikana unaelea. Mapipa ya mafuta ya mawese aliyoyatoa kijiji cha Makobola, kusini, yalikuwemo yote. Kasia ilikuwemo moja, ile ya mbele. Aliyemuua Gaspard hakutaka mali yake.

Bwana Komisa, Mbelgiji, hakutaka maneno mengi. "Mshukiwa ameshapatikana," alisema akifunga faili. "Jumamosi kamiyo inakwenda Bukavu. Ndikumana atapanda."

"Ushahidi wake ni kiapo tu, Bwana Komisa."

"Na jirani aliyemsikia marehemu akielekea kwake. Una mpaka Jumamosi."

Onesphore alijua mtu aliyepandishwa lori lile kwa kesi ya damu hurudi namna gani. Wengi hawakurudi.

Ndikumana alikuwa ameketi kwenye sakafu ya kasho ya mahabusu, mtu mrefu, magoti yamemfika kidevuni.

"Uliapa kumpasua kichwa?"

"Niliapa, Shefu. Minye mwenyewe na pombe ya kasiksi tuliapa pamoja."

"Kwa nini?"

"Aliniimba. Sokoni, mbele ya batu bote. Mustari wa tatu ulikuwa wangu."

"Aliimba nini?"

Ndikumana alitazama ukuta, akasema kwa aibu, "Ng'ombe zake zimekoma. Unaona, Shefu, nilikuwa nimetoa za mahari. Batu bakacheka. Muke wangu akacheka. Kesho yake hata minye nilicheka. Gaspard alikuwa hivyo. Uvira nzima hakuna ambaye hakumuimba."

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Shambani, napalilia."

"Nani alikuona?"

"Pamba."

Onesphore karibu acheke. Ndikumana hakucheka. "Shefu, iko na batoto bane. Bukavu sijue hata muntu mumoja. Usinipeleke."

Ijumaa asubuhi Onesphore alishuka mtaa wa Songo. Nyumba ya Libérat na nyumba ya marehemu ziligawana uwa mmoja wa migomba. Upande wa pili wanawake walikuwa wakilia matanga. Upande huu Pélagie, mke wa Libérat, alimpa Inspekta kiti, akakifuta kwanza kwa pembe ya kitenge.

"Karibu, baba. Baba Berchmans, muntu wa polisi iko hapa."

Libérat alitoka ndani akiinama mlangoni. Alikuwa mtu mnene wa mabega, mwenye mikono ya kazi na macho yasiyokaa mahali pamoja. Nyuma yake, ukutani, ilitundikwa kasia ndogo, fupi kama mkono wa mtu mzima, imechongwa vizuri sana.

"Hiyo ya nani?" Onesphore aliuliza.

"Ya mutoto wetu," Pélagie alijibu upesi, kama mtu anayependa kuulizwa. "Berchmans. Ziwa lilimuchukua mwaka juzi, mutumbwi wao ulipinduka. Baba yake alizamia kumutafuta mpaka damu ikatoka puani. Asingekuwa Gaspard kupita na kumutoa, ningezika babili."

Libérat alitazama chini.

"Tangu siku ile sigusi kasia," alisema. "Iko nalima tu, Shefu. Ziwa nimeliachia wenyewe."

"Pole sana, Baba Berchmans. Nataka jambo dogo tu. Gaspard alikuwa akiimba wimbo gani?"

"Ule wa ziwa. Wa siku zote."

"Niimbie kama ulivyousikia."

Libérat alisita. Kisha aliweka kiganja juu ya goti, akaanza kugonga polepole, na sauti yake, nzito na tulivu, ikafuata mkono:

"Ziwa baba, ziwa mama,
ziwa mama.
Unameza, unatema,
unatema."

Hapo alinyamaza. Mkono haukunyamaza. Uligonga goti, ukagonga, ukagonga tena. Kisha mdomo ukarudi:

"Pwani mbali, vuta vema,
vuta vema."

"Ndio wote?"

"Ndio nilioupata. Upepo ulikuwa mwingi."

Onesphore alimshukuru akaondoka. Lakini hakwenda mbali. Aliketi juu ya jiwe njiani, akaanza kugonga jiwe kwa vidole kama walivyomfundisha mapadri kwenye nyimbo za misa.

Zi-wa-ba-ba, zi-wa-ma-ma. Mizani minane. Inakatika katikati, minne kwa minne. Kila minne, kasia moja. Kisha mkia, ziwa mama, minne mingine, kasia ya tatu. Mstari wa pili vile vile. Mama, tema, vema: kina ni kimoja, hakibadiliki mpaka mwisho.

Na pale kimya kilipokuwa, mkono wa Libérat uligonga mara tatu. Urefu wa mstari mmoja kamili na mkia wake.

Kwa hiyo mstari ulikuwepo. Upepo unaweza kuchukua maneno, hilo ni kweli. Ila mtu ambaye maneno hayakumfikia husema sikusikia, husema hapa kuna kitu kimenipotea. Libérat alifanya kama mtu aliyesimama kando ya njia, akangoja kitu kibaya kipite.

Onesphore alirudi, safari hii upande wa matanga.

Consolate, mjane wa Gaspard, aliketi juu ya mkeka katikati ya wanawake. Machozi yake yalikuwa yamekwisha. Aliposikia swali la Inspekta alimkazia macho.

"Mume wangu iko kwenye sanduku, na weye unataka wimbo?"

"Nataka aliyemuua, mama. Naona kama ameingia ndani ya wimbo."

Mama mmoja alinong'ona kwamba polisi siku hizi wanavuta bangi. Consolate alimnyamazisha kwa mkono. Akafikiri. Kisha aliimba, bila sauti kubwa, akipiga mkeka. Baada ya unatema hakunyamaza:

"Bega langu linauma,
linauma."

"Huo ndio wa tatu?" Onesphore aliuliza.

"Huo ni wa bababu. Lakini wa tatu haukai hivyo. Wa tatu ni mali ya muntu wa mbele. Anaubadilisha anavyotaka, anamucheka muntu, anacheka wakubwa wa chefferie, anacheka hata padri. Sharti utoshe kasia zake, na uishie na ma kama ingine. Gaspard alikuwa bingwa wa hiyo. Wengine wanatafuta ma mpaka wanafika bandari ya Kalundu."

"Na mkia? Yale maneno yanayorudi?"

"Ile ni ya muntu wa nyuma. Wa mbele anavuta pumzi, wa nyuma anarudisha."

"Akicheka mtu wa nyuma mwenyewe?"

"Anarudisha vile vile. Atafanya nini? Akinyamaza kasia zinagongana, mutumbwi unayumba, na pwani yote inajua amekasirika. Hapo ndipo kicheko kinakuwa kikubwa."

Onesphore aliinama karibu naye. "Sasa, mama. Mtu akiwa peke yake ndani ya mtumbwi, anarudisha?"

"Atavuta pumzi saa ngapi? Anaimba mustari, ananyamaza kasia moja, anaendelea." Consolate aligonga mkeka kuonyesha, akaacha pengo. "Ile shimo ndio ninaijua kuliko sauti yake. Miaka yote namungojea hapa na chungu juu ya moto. Nikisikia shimo, najua iko peke yake, nasonga ugali wa muntu mumoja. Nikisikia kurudisha, naongeza unga, kuna mugeni."

"Baba Berchmans amenirudishia mkia kila mahali. Anasema ndivyo alivyomsikia Gaspard, peke yake."

Mkono wa Consolate ulibaki hewani. Alitazama upande wa migomba, kwenye nyumba ya jirani.

"Basi hakusikia muntu mumoja," alisema.

Jioni sajini aliyetumwa Makobola alirudi na baiskeli. Watu watatu waliompakiza Gaspard mapipa walisema neno moja: alitia kasia peke yake, amekunywa kidogo, amefurahi.

Kwa hiyo kati ya Makobola na Songo mtu aliingia ndani ya mtumbwi, akaketi nyuma, akarudisha. Libérat alimsikia mtu huyo na anamficha. Au hakuhitaji kumsikia.

Jumamosi asubuhi kamiyo ilisimama mbele ya ofisi, na makuli wakaanza kupakia magunia. Onesphore alimwomba Bwana Komisa saa chache. Bwana Komisa alitazama kamiyo, akatazama mawingu, akasema magunia yakiisha kupakiwa basi.

Onesphore alimchukua Libérat pwani ya Songo. Mtumbwi wa Gaspard ulikuwa umefungwa pale chini ya ulinzi. Inspekta alikuwa ameongeza kasia ya pili.

"Twende unionyeshe, kutoka majini, mahali shamba lako lilipo. Ni utaratibu tu."

"Nilisema sigusi kasia, Shefu."

"Keti tu. Nitavuta mimi."

Onesphore alikaa mbele, Libérat nyuma. Pwani, Pélagie alikuwa na wanawake wengine, anasugua nguo juu ya mawe. Alinyosha mgongo akawatazama wakiondoka.

Inspekta hakuwa mtu wa maji. Mtumbwi ulizunguka kulia, ukazunguka kushoto, ukarudi ulikotoka. Wanawake wakaanza kucheka. Mara ya tatu Libérat alichoka.

"Shefu, weye utatufikisha Kigoma. Nipe."

Akachukua kasia ya pili. Mtumbwi ukanyooka mara moja kama uliokuwa ukimngojea. Walikwenda kusini, pwani ikabaki nyuma, sauti za wanawake zikaisha. Maji yalikuwa laini. Onesphore alitia kasia yake mbele, taratibu, akaanza kuimba bila kugeuka:

"Ziwa baba, ziwa mama."

Nyuma, kimya. Kasia tu.

"Unameza, unatema."

"Unatema," sauti nzito ilijibu nyuma yake. Ilitoka yenyewe, kama pumzi.

Mstari wa tatu ulikuwa umefika. Onesphore hakuuimba. Alitia kasia, akafunga mdomo, akaacha nafasi wazi. Kasia ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, ile ya nyuma, haikuingia majini. Ilipiga ubavu wa mtumbwi kwa kishindo, na mtumbwi ukayumba.

Hapo Onesphore alikumbuka mahali alipoketi. Kisogo chake kilikuwa wazi, na nyuma yake mtu alishika kasia. Aliweka mikono yake juu ya magoti. Hakugeuka.

"Makobola aliondoka peke yake," alisema. "Weye umeniimbia batu babili. Wa nyuma alikuwa nani?"

Maji yaligonga mbao.

"Baba Berchmans," Onesphore alimwita.

"Usiniite hivyo."

"Wa nyuma alikuwa nani?"

"Minye."

Neno hilo lilitoka chini sana. Onesphore alisikia kasia inawekwa sakafuni mwa mtumbwi, polepole. Hapo ndipo alipogeuka.

Libérat alikuwa ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. "Aliniona shambani," alisema. "Akaita. Panda jirani, unisaidie, nitakufikisha kwako. Nikakataa. Akasema, mpaka lini utaogopa maji? Nikapanda. Mwanzo ilikuwa vizuri, Shefu. Nilirudisha. Nilisahau kidogo."

"Kisha mstari wa tatu."

"Alikuwa amekunywa."

"Alisema nini?"

Libérat alitikisa kichwa.

"Ndikumana anapandishwa kamiyo sasa hivi," Onesphore alisema. "Batoto bane. Kwa sababu ya mdomo wako. Gaspard alisema nini?"

Libérat alifunga macho. Hakuimba. Aliyasema tu, lakini hata hivyo kasia zilikuwa ndani yake:

"Shika pipa, mwana zama."

Mizani minane, minne kwa minne. Kina kilekile. Ulikuwa mstari uliotengenezwa vizuri.

"Siku ile mutumbwi ulipopinduka," Libérat alisema, "kulikuwa na pipa tupu. Nilishika pipa kwa mukono huu, mutoto kwa huu. Mawimbi yalikuwa makubwa. Pipa lilitaka kukimbia. Nikaona siwezi vyote." Alitazama mkono wake wa kushoto. "Sikuzamia, Shefu. Hakuna damu ya puani. Nilikumbatia pipa mpaka Gaspard akanikuta. Aliona. Hakusema kwa muntu. Hata kwa muke wake. Nilimushukuru kila siku."

"Na Jumatano akaimba."

"Sijue hata kama alitaka kunitukana. Alitafuta ma, akaipata, akafurahi. Na minye nikarudisha." Kiganja chake kilianza kugonga ukingo wa mtumbwi. "Unaelewa? Wa nyuma anarudisha. Mwana zama. Nilisema kwa mudomo wangu, namwambia mutoto wangu azame. Mara ya kwanza nilisema kabla sijasikia maana. Akacheka, akarudia. Nikarudisha tena. Mukono unavuta, mudomo unafuata."

"Hukumwambia aache?"

"Nilimwambia. Nilimuomba. Akasema, jirani, huu ni mutamu kuliko yote, leo tutaingia nao Songo. Na Songo unaiona ile mawe? Pélagie yuko pale kila jioni. Angesikia sauti yangu inasema maneno yale. Pwani ilikuwa karibu. Nilisimama."

Daktari alikuwa ameshaeleza yaliyobaki.

"Kasia iko wapi?"

"Juu ya dari ya jiko, na kuni. Mutumbwi niliuacha uende, nikaogelea mpaka matete. Nilimwambia Pélagie nimeanguka mutoni."

"Na Ndikumana?"

"Kila muntu alikuwa anasema jina lake. Sikuwa na kazi ya kusema jina jipya."

Walirudi. Libérat alivuta kasia mwenyewe, bila kuambiwa, sawasawa na bila haraka. Walipofika karibu, Onesphore alimwona sajini amesimama juu ya mchanga, akampungia mkono.

"Kimbia ofisini!" alipaza sauti. "Mwambie Bwana Komisa amshushe Ndikumana! Mkosaji ninaye hapa, amekiri."

Sajini alishika kofia akakimbia. Wanawake waliacha kusugua. Pélagie alisimama, nguo iliyolowa mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni. Alikuwa bado hajaelewa. Alitabasamu kidogo kumwona mume wake ameshika kasia.

Libérat aliinama mbele, mdomo wake karibu na bega la Inspekta.

"Shefu. Utaandika pevé ya korti."

"Lazima."

"Andika niliua. Andika na kasia, andika kutoka nyuma, andika nilimusingizia muntu. Waninyonge, sikatai. Andika nilikuwa mulevi, andika nilitaka mafuta yake. Ule mustari tu usiandike. Kule korti jaji atausoma kwa Kifaransa, na mukalimani atasimama, ataurudisha kwa Kiswahili. Pélagie atakuwa ameketi pale. Nakuomba, Shefu. Utaniachia hilo?"

Onesphore alitazama mikono yake mwenyewe juu ya kasia. Bila ule mstari, kesi ilikuwa na pigo na haikuwa na sababu, na Bwana Komisa angeuliza sababu. Pale juu ya mawe Pélagie aliitupa nguo kwenye beseni, akajifuta mikono, akaanza kuteremka kuja kuwapokea.

"Shefu?"

Pua ya mtumbwi iligusa mchanga.